Kuupa Meru Mgongo

Ukisimama sokoni Ngaramtoni, hata asubuhi ambayo mvua ya usiku imeosha anga, Kilimanjaro huuoni. Si kwamba uko mbali. Kutoka kilele cha Meru hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni kilometa 70 hivi, na kuna sehemu nyingi kwenye nyanda za kusini ambako mtu huiona milima yote miwili kwa mara moja. Ila sisi tumekaa magharibi ya Meru, na Meru umetanua mabega mbele yetu, umeufunika mlima mrefu kuliko yote Afrika pasibaki hata ncha. Kilimanjaro tunaoujua ni wa kwenye kalenda, chupa ya maji, chupa ya bia, na nembo ya taifa ambamo mwanamume na mwanamke wamesimama juu yake. Ingia duka la dawa, ingia saluni, ingia banda la chipsi: umetundikwa ukutani, na theluji yake, na tembo wake. Toka nje, Meru huo hapo, mita 4,566 za mawe na msitu, na haujatundikwa popote.

Jambo hili nilianza kulitilia maanani niliponunua mjini Arusha kitabu cha mtumba chenye picha za Hokusai. Katsushika Hokusai alizaliwa mwaka 1760 katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, akafa mwaka 1849. Alikuwa na umri wa miaka 70 hivi alipoanza kutoa mfululizo wa picha za mlima Fuji uliomfanya ajulikane duniani kote. Hazikuwa picha za kuchorwa moja moja. Mchoro ulichongwa kwenye mbao, ubao wake kwa kila rangi, kisha karatasi ikagandamizwa juu ya mbao hizo, nakala baada ya nakala. Mfululizo uliitwa mandhari 36 za Fuji. Biashara ilipokubali, zikaongezwa 10, zikawa 46, na jina likaachwa vilevile. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya wimbi. Bahari imeinuka na kutoa kucha, mashua zimeinama chini yake na wapiga makasia wamelala kifudifudi, na kule nyuma, katika bonde la maji, kuna pembetatu yenye theluji ambayo ukiweka kidole gumba juu yake unaifunika yote. Hiyo ndiyo Fuji. Mlima mtakatifu wa taifa zima, na mchoraji kaupa nafasi ya kidole.

Picha niliyoitazama muda mrefu zaidi ni nyingine. Fundi mapipa yuko ndani ya pipa kubwa lililolazwa ubavu, halina kitako wala kifuniko, na yeye kajikunja humo akilainisha mbao kwa ndani. Pipa ni kubwa kiasi kwamba duara lake ndilo linalotawala karatasi. Vifaa vyake viko chini, karibu na miguu. Na kupitia duara hilo, mbali ng'ambo ya mashamba ya mpunga, unauona Fuji, mdogo na mweupe kama jino la mtoto. Fundi hautazami. Macho yako kwenye kazi, mabega yamekaza, na ukimkuta leo mtu wa namna hiyo ungesita hata kumsalimia usije ukamkatisha. Hokusai angeweza kumweka amesimama, mkono kwenye paji la uso, akiustaajabia mlima. Hakufanya hivyo. Katika picha nyingine mafundi wa paa wako juu ya duka la vitambaa la Mitsui, mmoja anarusha mzigo na mwenzake anaungoja, tiara zinapaa angani, na kibao cha duka kinatangaza kwamba hapa ni fedha taslimu na bei haina ulanguzi. Fuji umesimama pembeni ya tangazo hilo bila kuona aibu. Kwenye picha ya kiwanda cha mbao, maandishi yaliyo juu ya mbao zenyewe yanatangaza toleo la picha hizohizo za Fuji. Mzee alikuwa mcha mlima, na alijua kuuza.

Nilijiuliza ni kitu gani kilimpa ujasiri huo wa kuufanya mlima mtakatifu kuwa mdogo. Jibu nililolipata, na ndilo ninaloliamini mpaka sasa, liko kwa wanunuzi. Picha hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya wageni. Japani ya wakati ule ilikuwa imejifungia, na wageni waliokuwa na ruhusa ya kukaa humo walihesabika. Zilinunuliwa na wenyeji wa Edo, wenye maduka na mafundi, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Watu hao Fuji waliuona kutoka kwenye madaraja na mapaa yao siku zisizo na ukungu. Wengi walikuwa katika vyama vya waumini wa mlima: walichanga fedha mwaka mzima, kura ikapigwa, waliopata wakaenda kuupanda kwa niaba ya wenzao. Wasioweza kwenda walijengewa vilima vidogo ndani ya mji, vikawekwa mawe ya volkano yaliyoletwa kutoka Fuji kwenyewe, wakavipanda hivyo wakahesabiwa thawabu. Hilo liliwafaa hasa wanawake, kwani kilele cha kweli walikatazwa hadi mwaka 1872. Mtu anayeishi na mlima kiasi hicho huhitaji kuambiwa kwamba ni mkubwa? Anachotaka kuona pichani ni yeye mwenyewe, kazi yake, kofia yake ikipeperushwa na upepo, na mlima uwepo kama unavyokuwepo siku zote.

Sasa njoo Arusha mjini, kwenye vibanda vya vinyago na michoro. Kilimanjaro uko wa kila ukubwa. Chini yake mbuga ya manjano, mgunga mmoja uliotandaza kichwa, safu ya tembo, na pengine Wamaasai watatu warefu wembamba, wamepigwa kwa rangi nyeusi, hawana nyuso. Hakuna anayepalilia. Hakuna nyumba yenye bati. Mlima ule ambao miteremko yake imejaa migomba, kahawa, shule na makanisa, mlima wa Wachaga wanaobanana vihambani hadi ndugu wanapelekana mahakamani kwa ajili ya mpaka, pichani umeachiwa wanyama peke yao.

"Mbona Meru siuoni?" nilimuuliza chalii mmoja mwenye kibanda, baada ya shikamoo na marahaba.

"Ukitaka nakuchorea, mzee."

"Lakini hujatundika hata mmoja."

"Mzee wangu, wageni wanaulizia Kili. Meru hautoki." Akaendelea kusafisha brashi yake. "Niliwahi kuuchora, ukakaa hapa msimu mzima. Kila mtu ananiuliza theluji iko wapi. Nikachukua rangi nyeupe nikaupaka kichwani. Haukulala."

Hakuona kama ni kichekesho, wala si haki yangu kumcheka; ana kodi ya kulipa. Asili yenyewe ya biashara hii ni hiyo. Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya hadibodi, na michoro yake iliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali wageni walipokuwa wakifanya manunuzi. Alipigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi, akaacha wanafunzi na jina ambalo limekuwa jina la sanaa nzima. Chui wake na ndege wake walikuwa na uhai ambao warithi wake wengi hawajaufikia. Lakini tangu mwanzo mtazamaji alikuwa mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao, na mtu wa namna hiyo anataka kubeba kile asichokuwa nacho nyumbani. Theluji anayo, theluji iliyo juu ya tembo hana. Nadhani hapo ndipo mlima ulipopoteza watu wake pichani.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliitwa kuchora kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya. Alimzalisha Yesu katika nchi ya Wakikuyu, na walio kando yake wakawa watu wa nchi hiyo. Watazamaji wake walikuwa waumini wa hapohapo, waliokuja kila Jumapili na kukaa kwenye mabenchi hayohayo. Picha ilijua inatazamwa na nani, na hilo linaonekana.

Basi tuseme kuna mtu angetaka kuchapa mandhari 36 za Meru kwa ajili yetu sisi tunaoishi chini yake. Angeanzia wapi? Mimi ningemleta Ngaramtoni siku ya gulio. Barabara ya Namanga imejaa vifodi, makondakta wananing'inia milangoni wakiita Kwa Iddi, Sakina, mjini. Bodaboda wanapenya katikati. Lori la viazi limekwama kwenye kona na kila mtu ana ushauri. Wazee wa Kiarusha wamevaa lubega na fimbo ziko begani. Akina mama wa mboga wamepanga karoti na nyanya kwa mafungu, migongo yote imeelekea mlimani kwa sababu barabara iko upande wa pili na wateja wanatokea barabarani. Nimewahi kupita kuanzia mwanzo hadi mwisho wa soko nikitafuta mtu anayeutazama Meru. Sikumpata. Alikuwepo mmoja aliyeinua kichwa, fundi cherehani chini ya mwavuli, akatazama juu kwa kitambo, akaanza kukusanya vitambaa vya wateja. Dakika chache baadaye mvua ikaanza.

Humo sokoni kuna kona ya magadi. Ni vipande vya kijivu na vyeupe, vingine vina wekundu wa tope, vimerundikwa juu ya gunia. Muuzaji anavunja kwa jiwe, anafunga kwenye gazeti. Unatia kidogo kwenye makande au maharage yaive upesi, na wazee wengine wanachanganya kwenye ugoro. Ukiuliza yametoka wapi utaambiwa Natron, kule bondeni. Na Natron iko chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa mita 2,962 ambao Wamaasai wanasema ndiko aliko Engai, Mungu wao. Wanasayansi wanaupenda kwa sababu yao wenyewe: ndio volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya magadi. Lava hiyo inatoka nyeusi, nyepesi kutiririka karibu kama maji, kwenye joto la nyuzi 500 na kidogo, karibu nusu ya joto la lava za kawaida, na ikishapoa na kunyonya unyevu inageuka nyeupe. Ililipuka kwa kishindo mwaka 1966, ikarudia mwaka 2007, na mwaka huo matetemeko yalitangulia. Wamaasai wanakwenda miguuni pake kuomba mvua, na wanawake waliokosa watoto wanakwenda kuombewa. Kule Japani mwanamke alizuiwa asifike kileleni, mlima usije ukanajisika. Huku mwanamke ndiye aliye na shida ya haraka zaidi, basi mlima ni wake kwanza.

Hakuna aliyechora hija hizo, na sidhani kama wanaokwenda wanaona pengo. Dini ya mlima huku kwetu haikuhitaji karatasi. Waarusha walijenga kwenye miteremko hii kwenye miaka ya 1830 hivi, miaka ileile mbao za Hokusai zilipokuwa zikichongwa. Walikuwa ndugu wa Wamaasai kwa lugha na rika, lakini wakashika jembe: wakafyeka msitu, wakapanda migomba na mahindi, wakaongoza maji kwa mifereji kutoka juu. Maombi yao yalifanyika chini ya mti wa oreteti, kwa maziwa na pombe ya asali, na majani mabichi mkononi kama ishara ya amani. Baraka ina rangi yake, nayo ni nyeusi: Engai mweusi ndiye mwema, ndiye wa mvua, na yule mwekundu ndiye wa kiangazi na hasira. Kwa hiyo siku Meru unapokuwa mweusi tii, mawingu yamejaa hadi kwenye misitu ya Olmotonyi na kilele hakipo tena, mgeni anasikitika kwamba mlima umejificha, lakini mkulima anaona ndiyo siku umejionyesha. Sijui ni mchoraji gani angeuza picha ya mlima uliofunikwa wote. Hokusai, labda. Alikuwa na rangi ya buluu mpya iliyotoka Ulaya, na aliitumia kwa uchu.

Makanisa yalipokuja hayakuuondoa mlima. Walutheri walijenga misheni Ilboru mwaka 1904, na Zaburi ya 121, ile ya mtu anayeinua macho kuelekea milima, inasomwa katika makanisa ambayo madirisha yake yamejaa Meru. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Zaburi hiyo. Karibu yote yanahimiza tusiuangalie mlima bali aliyeuumba, na wakati mhubiri anasema hivyo nusu ya kwaya inachungulia nje kuona kama nguo zilizoanikwa zitapona.

Lakini kuna mchoro mmoja wa Meru ambao kila mtu wa huku ameuona, na wengi tunao kinywani. Maji yanayopita kwenye majivu na mawe ya volkano yanabeba floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima na chemchemi nyingi zinazouzunguka Meru zinapita kiwango hicho kwa mbali. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajiunda ndani ya fizi hana habari. Meno yanapochomoza yana mistari ya udongo, madoa ya kahawia, mengine yamemomonyoka pembeni. Ikizidi sana inaingia mifupani, miguu inapinda, na magadi ya kwenye makande yanaongeza floridi juu ya ile ya maji. Ngurdoto, upande wa pili wa mlima, kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kwa kuwa mkaa wa mfupa unaikamata floridi. Dawa imetoka kwenye ng'ombe, Mmaasai hashangai.

Mtu wa Arusha ukikutana naye Mwanza, Muscat au Minneapolis, anacheka na wewe unajua kwao ni wapi kabla hajasema jina la kijiji. Nimewaona wasichana wazuri waliozoea kuweka kiganja mdomoni kila wanapocheka, na vijana waliolipa fedha nyingi wapakwe weupe juu. Wengine wanasema waache, ndiyo nembo yetu. Siwezi kulipamba jambo ambalo ni madhara ya afya na ambalo mabomba mazuri yangelizuia. Ninachosema ni kwamba sisi tuliokosa kuuchora Meru, Meru haukukosa kutuchora.

Na mchoraji wetu asikae Ngaramtoni tu. Kutoka kwetu mlima unaonekana mzima, umechongoka vizuri, kila upande sawa. Ni uongo. Zunguka hadi Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, uutazame ukiwa mashariki: nusu haipo. Miaka 8,000 hivi iliyopita ubavu wote wa mashariki uliporomoka, tope na mawe yakatambaa kuelekea Kilimanjaro, na maziwa ya Momella yamekaa kwenye mabonde ya kifusi hicho. Kilichobaki ni ukuta wa mwamba wenye urefu unaokaribia mita 1,500, na katikati yake koni changa ya majivu iliyochomoza baadaye. Mara ya mwisho mlima kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910, kidogo tu, wakati boma la Wajerumani mjini Arusha lilikuwa na umri wa miaka 10. Fuji nao una kovu. Desemba 1707 ulipasuka ubavuni, majivu yakafika Edo, na Hokusai alipotoa kitabu chake cha mandhari 100 za Fuji, kuanzia mwaka 1834, hakuiruka siku hiyo: boriti zinaruka, watu wanabiringika, mlima wa ibada umegeuka kuwa balaa. Ukiwa na mandhari nyingi unapata nafasi ya kusema ukweli. Kalenda ina picha moja kwa mwaka mzima, kwa hiyo inasema uzuri tu.

Kwetu sisi ukurasa wa balaa usingekuwa wa moto wa chini ya ardhi. Ungekuwa wa Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima, Novemba 1951. Serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru ili ardhi ipewe walowezi wafuge. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wapatao 3,000 wakaondolewa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York na kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuieleza dunia habari ya ardhi ambayo wengi ukumbini hawakuwahi kuisikia. Ardhi haikurudi papo hapo, lakini kesi ile ilitembea nchi nzima na kuwaamsha wengi. Mchoro wake ninauona kabisa: moshi wa nyasi za mapaa upande wa kushoto, askari, ndama aliyeachwa, na mlima kwa nyuma, mdogo, upande ule uliobomoka.

Baada ya Azimio la Arusha kilele cha Meru kilipewa jina la Ujamaa. Jina lipo mpaka leo, na wengi wanaofika pale ni wageni wanaozoeza mapafu kabla ya kwenda kuupanda ule mwingine. Hata juu kabisa, Meru ni mazoezi.

Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza Fuji kwenye urithi wa dunia, na iliuingiza kama urithi wa utamaduni: mahali patakatifu na chemchemi ya sanaa. Volkano yenye kreta kileleni, na imepita kwenye mlango wa mahekalu na michoro. Kilimanjaro uliingia mwaka 1987 kama urithi wa asili. Sina ugomvi na wataalamu; barafu na misitu ni ya kweli. Lakini fikiri tofauti hiyo inavyosema juu ya nani ameandikishwa kama mwenyeji. Mlima wa Wajapani umesajiliwa pamoja na watu wake, mlima wa Wachaga umesajiliwa pamoja na mimea yake. Meru haumo katika orodha yoyote ya hizo mbili.

Mwishoni mwa mwaka uliopita kikoba chetu cha hapa Ngaramtoni kilikaa kuamua kalenda. Kila mwaka tunachapa, kila mwaka ni Kilimanjaro, kwa sababu mchapaji anao tayari kwenye kompyuta na haongezi gharama. Nilisimama nikapendekeza Meru. Kwa heshima walinisikiliza. Mwenyekiti akasema hakuna tatizo, tutafute picha nzuri ya kilele, labda ile ya kutoka angani. Mimi nikasema hapana, ipigwe kutoka hapa sokoni, na soko lionekane. Hapo ndipo kikao kilipochangamka. Upande gani wa soko? Wenye mitumba wakataka upande wao, wenye nafaka wakasema wao ndio wengi. Kijana wa pembejeo akauliza kama mlima ni lazima, maana ukiukata juu mabanda yatapata nafasi zaidi.

Mama mmoja wa viazi, mwanachama tangu kikoba kilipoanza, akaomba neno.

"Mwenyekiti, mlima uko pale tangu Mungu auweke, na haudaiwi mkopo. Mimi nadaiwa. Mlima ukae popote mtakapoona unafaa, lakini kibao changu kisomeke na namba ya simu."

Wakapiga makofi. Mpiga picha akaitwa, akazunguka, akapima kwa macho, akasema kuupata mlima na kibao pamoja inabidi apande juu ya lori, na iwe kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu ikishafika saa tatu Meru umejifunika. Mwenye lori akataka elfu ishirini ya usumbufu. Katibu akaandika kwenye muhtasari, kifungu cha matumizi mengineyo.